Kuosha Kitu Kipya

Kuna maneno mawili ambayo watu huyachanganya kila siku sokoni, na hasara ya kuyachanganya haionekani mpaka baadaye: upya na usafi. Upya ni habari ya wakati. Usafi ni habari ya hali. Kitu kipya ni kile ambacho mnunuzi ni wa kwanza kukitumia. Kitu safi ni kile ambacho ndani yake hamna jambo lisilotakiwa liwemo. Nguo mpya hutoka dukani na wanga na vumbi la ghala, na mama mwangalifu huifua kabla ya kumvika mtoto mchanga. Chungu kipya huchemshiwa maji kwanza ili kiache ladha ya udongo, ndipo kikapikiwa mchuzi. Wahenga walilitambua jambo hili waliposema kwamba kipya kinyemi kingawa kidonda. Hawakusema kuwa kila kipya ni kidonda. Walisema kuwa unyemi wa kipya huweza kulifumba jicho lisikione kidonda kilipo.

Swali hili la kale limerudi zamani hizi katika vazi jingine. Mwanafunzi, mwalimu au karani anaponunua kompyuta mpakato mpya, huikuta ina mfumo endeshi ndani yake, umewekwa na kiwanda, na uko tayari kutumika. Je, autumie kama alivyoukuta, au aufute wote na kuweka mwingine kwa mkono wake mwenyewe? Mafundi wa vibandani huita kazi hiyo "kupiga Windows", na huifanya pasipo kuitafakari sana, kama kinyozi anavyonoa wembe. Walakini ndani ya kazi hiyo ndogo mna swali la maadili ambalo si dogo: mtu anapaswa kumwamini kiasi gani muuzaji asiyemjua, na ni wapi shaka huacha kuwa busara ikawa maradhi?

Yafaa kwanza kujua kilichomo. Kiwanda kinachounda kompyuta aghalabu hakiuzi mfumo endeshi mtupu. Juu ya mfumo huo huweka programu zake chenyewe, na programu za wengine waliolipa ili wawekwe humo: kinga za virusi za majaribio zinazoanza kudai fedha baada ya siku chache, michezo, njia za mkato za maduka, na vifaa vinavyopeleka habari za matumizi kwa mwenye kuviweka. Faida ya kuuza mashine yenyewe ni nyembamba, na malipo ya kuziweka programu hizo huinenepesha. Kwa hiyo mnunuzi huwa mteja mara moja na bidhaa mara ya pili. Amelipa ili aipate mashine, na mwingine amelipa ili ampate yeye.

Kuuweka mfumo upya si kazi ya kutisha. Flashi ya GB 8 yatosha, pamoja na faili la mfumo lililochukuliwa kwa mwenye mfumo mwenyewe, na muda wa saa moja au mbili. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, ufunguo wa leseni katika mashine nyingi za kiwandani huhifadhiwa ndani ya ubao mama, hata anayefuta diski yote hapotezi haki aliyoinunua. Lakini mtu asichanganye kazi hii na ile ya kuirudisha mashine katika hali ya kiwandani. Kuirudisha kiwandani mara nyingi ni kumwita tena muuzaji yule yule aje apange nyumba kama alivyoipanga mara ya kwanza. Yaliyokuwamo hurudi yote.

Wapo watakaosema kuwa programu chache za biashara haziwezi kumdhuru mtu. Hao wakumbushwe mambo ya mwaka 2015. Katika Februari ya mwaka huo ilidhihirika mbele ya ulimwengu kwamba kampuni ya Lenovo ilikuwa imeuza kwa miezi kadhaa kompyuta mpakato zenye programu iitwayo Superfish. Kazi yake ilikuwa kupenyeza matangazo katika kurasa alizokuwa akizisoma mwenye mashine. Ili ipenyeze hata katika kurasa zilizofungwa kwa siri, kama za benki, ilijitia ndani ya mashine cheti chake yenyewe na kujifanya mdhamini wa kila tovuti. Ubaya haukuishia hapo: ufunguo wa siri wa cheti hicho ulikuwa mmoja kwa mashine zote, na neno la siri lililoulinda lilivunjwa kwa muda mfupi sana mara watafiti walipolishughulikia. Maana yake ni kuwa mwizi aliyeketi katika mkahawa wenye mtandao wa pamoja angeweza kujifanya benki mbele ya mwenye mashine, na mashine isimwonye mwenyewe. Kampuni ilijitetea kuwa nia yake ilikuwa kuwasaidia wateja kuvumbua bidhaa. Katika mwezi wa Novemba mwaka huo huo mashine za Dell nazo zilikutwa na cheti chenye kasoro ya namna hiyo, kilichowekwa kwa ajili ya kurahisisha huduma kwa wateja. Nia njema ilitajwa mara zote mbili, na mara zote mbili mlango ulikuwa wazi.

Hoja ya kwanza ya wanaotaka kuosha inatokana na umiliki. Mtu akinunua nyumba, husemwa kuwa ni yake. Lakini ikiwa muuzaji amebaki na ufunguo wa mlango wa uani, na amewaruhusu wachuuzi kupita ukumbini wakinadi bidhaa, umiliki huo ni wa karatasi. Kununua ni tendo la mkono. Kumiliki ni tendo la amri. Anayebadilisha kitasa siku ya kuhamia hamtukani muuzaji, anakamilisha mauzo. Kwa mtazamo huu, kuuweka mfumo upya ni tendo la kuhamia. Mpaka litendwe, mashine ina mabwana wengi, na aliyeilipia ndiye bwana mwenye habari chache kuliko wote.

Hoja hii ina nguvu, lakini haifiki mbali kama inavyodhaniwa. Mwaka huo huo wa 2015, katika mwezi wa Agosti, ilijulikana kwamba baadhi ya mashine za Lenovo zilikuwa na programu iliyokaa nje ya diski, ndani ya ubao mama. Kuanzia Windows 8, mfumo wa Microsoft huukubalia ubao mama kuupa programu ya kuiendesha kila mashine inapowaka. Hivyo mtu aliyefuta diski yake yote, akaweka mfumo mpya kabisa kutoka mahali halali, aliikuta programu ya kiwanda imerudi, kama mgeni aliyetolewa kwa mlango wa mbele akaingia kwa dirisha. Kampuni ilitoa njia ya kuiondoa, lakini fundisho lilibaki: chini ya sakafu iliyofagiwa mlikuwa na sakafu nyingine.

Tena, chini ya hiyo mna nyingine. Mmarekani Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo wa Unix, alieleza katika hotuba iliyochapishwa mwaka 1984, alipotunukiwa tuzo ya Turing, jinsi hila inavyoweza kufichwa ndani ya programu inayotafsiri maandishi ya binadamu kuwa lugha ya mashine. Mfasiri aliyeharibiwa huingiza uharibifu katika kila kitu anachokifasiri, na hata katika mfasiri mwenziwe atakayemrithi. Na mtu akiyasoma maandishi ya asili yote, neno kwa neno, hataona kosa lolote. Hitimisho lake lilikuwa kwamba haiwezekani kuiamini kikamilifu programu ambayo mtu hakuitunga yote mwenyewe. Na hakuna aliyetunga yote mwenyewe. Hata bingwa huyo alitumia mashine iliyoundwa na wengine.

Hapa swali latoka kwa fundi na kuingia kwa mwanafalsafa. Mfaransa Descartes, aliyetoa kitabu chake cha Tafakuri mwaka 1641, alishauri kwamba anayetaka elimu ya yakini lazima avunje kwanza maoni yake yote na kuanza na msingi. Alipowajibu wapinzani wake alitoa mfano wa kikapu cha matufaha: mwenye kuhofu kuwa baadhi yameoza atakimwaga kikapu chote, alichunguze tunda moja moja, na kuyarudisha yaliyo mazima tu. Anayefuta diski yote ni mwanafunzi wa Descartes. Lakini mfano huo una sharti lililofichika: lazima pawe na mahali safi pa kumwagia matunda, na jicho lisilo na kasoro la kuyakagua. Katika karne ya 20 Mwaustria Otto Neurath aliuona upungufu huo, akawafananisha wanadamu na mabaharia wanaolazimika kukiunda upya chombo chao wakiwa katikati ya bahari, pasipo bandari ya kukipandisha. Baharia wa jahazi huufahamu mfano huu pasipo mwalimu. Maji yakiingia safarini, haivunji jahazi yote. Huuziba mwanya ulioonekana kwa pamba na mafuta, huku akisimama juu ya mbao ambazo kwa wakati huo hana budi kuziamini.

Basi kama usafi kamili haupatikani, je, kuosha ni kazi bure? Wapo wanaofikia uamuzi huo, nao huuona kuwa ni hekima, kumbe ni uvivu uliovaa joho. Kutopata yote si sababu ya kuacha mengi. Bahari haikaushwi, na nahodha hasemi kuwa kwa sababu hiyo maji yaachwe yajae ngamani. Hila ya Superfish ilikuwa katika diski, na aliyeweka mfumo halisi upya aliepukana nayo. Hila ya Agosti ilikuwa katika ubao mama, na kuosha hakukuifikia. Mwenye akili hupima tendo kwa kile linachoweza kukifikia.

Kwa upande wa pili wako wenye wasiwasi. Hawa huosha, wakaosha tena. Kila programu ni jasusi na kila mwezi ni mwezi wa kufuta. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao wengi wao wamelelewa katika madhehebu ya Shafii, wanamjua mtu wa namna hii tangu zamani: ndiye asimamaye penye birika akirudia udhu mara nyingi kwa kuhofu kuwa tone moja halikufika, mpaka sala inampita. Wanazuoni wa sheria waliweka kanuni ya kumponya: yakini haiondolewi na shaka. Maji kwa asili yake ni tohara, na yataendelea kuhesabiwa hivyo mpaka ijulikane kuwa najisi imeingia. Hawakuiweka kanuni hiyo kwa kuwa najisi haipo. Waliiweka kwa sababu waliona kwamba anayedai yakini ya kila tone hatatenda lolote.

Kanuni hii yaweza kutumiwa hapa, lakini kwa uangalifu. Maji ya mvua hayana mtu aliyelipwa ili ayachafue. Dhana ya usafi hustahili kupewa kitu ambacho hakuna mwenye faida ya kukitia doa. Pale ambapo faida hiyo ipo, tena inajulikana na imekwisha kutumika, mzigo wa ushahidi hauwezi kumwelemea mnunuzi peke yake. Mwenye kuuza maziwa ambaye jana alikutwa akiyatia maji hawezi leo kuomba adhaniwe vyema kama mtu mwingine. Kwa hiyo shaka juu ya mashine mpya haina budi kuwa na kipimo: iangaliwe nani aliweka nini, kwa malipo gani, na kwa ruhusa ya nani. Shaka yenye sababu ni mlinzi. Shaka isiyo na sababu ni mgeni alaye na asiyeondoka.

Gharama nazo zina haki ya kusikilizwa. Faili la Windows 11 lina zaidi ya GB 5, na kwa mwanafunzi anayenunua mtandao kwa vifurushi hiyo ni fedha ya siku kadhaa za chakula. Baada ya kuosha, huenda sauti isitoke au mtandao usiwake mpaka programu za vifaa zitafutwe na kurudishwa. Gharama hizi humpeleka mtu kwa fundi mwenye flashi tayari, na hapo ndipo hatari huwa kubwa kuliko ile iliyokimbiwa. Nakala isiyo halali, iliyovunjwa kufuli na mtu asiyejulikana kisha ikapita mikono mingi, haina hata kampuni ya kushitakiwa. Mwenye mashine amekimbia muuzaji mwenye jina na kumwendea mganga asiye na jina; amefagia kwa ufagio uliotoka jalalani. Microsoft, pamoja na watunzaji wa mifumo huria kama Debian na Ubuntu, huchapisha alama ya utambulisho ya mafaili yao, mfuatano wa herufi na tarakimu 64, ambao kompyuta huulinganisha kwa dakika moja na kuonyesha kama faili limebadilishwa. Asiyekuwa tayari kutoa dakika hiyo hana sababu ya kutoa saa mbili. Ni afadhali aitumie mashine kama alivyoikuta, aondoe programu asizozihitaji, na kuukubali mfumo ujisasishe. Kwani ikumbukwe pia kuwa katika siku chache baada ya siri ya Superfish kufichuka, kinga ya Windows yenyewe ilisasishwa ikaanza kuiondoa. Wengi waliponywa pasipo kutenda lolote. Walakini waliponywa baada ya miezi, na hakuna awezaye kuwahesabia yaliyopita katika miezi hiyo.

Mpaka hapa swali limetazamwa kana kwamba mashine ni nyumba ya mtu mmoja. Sivyo. Kompyuta ya mwanachuoni ni ghala la amana. Mtafiti wa lahaja huweka humo sauti za wazee waliomsimulia habari za ukoo wao. Mwalimu huweka alama za wanafunzi. Mwuguzi anayeandika tasnifu huweka maelezo ya wagonjwa. Katibu wa kikundi cha akiba huweka madeni ya majirani. Hao wote hawakuichagua mashine, wala hawakukubaliana na kiwanda chochote. Walimwamini mtu mmoja aliyeketi mbele yao na kuwaahidi kuwa maneno yao hayatatoka. Sheria nazo zimeanza kulitambua jambo hili: Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Lakini kabla ya sheria palikuwa na neno amana, na neno hilo lilitosha kumkosesha usingizi mtu muungwana.

Hapa ndipo mizani inapoinama. Mtu anaweza kuihatarisha mali yake mwenyewe kwa uzembe, na atakayemlaumu ni nafsi yake. Hawezi kuihatarisha amana kwa uzembe akabaki mwadilifu, kwa sababu hatari hiyo si yake kuitoa. Anayeweka vitu vya wengine katika sanduku hulazimika kujua funguo za sanduku ni ngapi, na kama hawezi kuzijua zote, azijue zile zilizo katika uwezo wake. Uvivu ambao ungekuwa kasoro ndogo katika mambo yake huwa dhuluma katika mambo ya watu. Kwa mtu wa namna hii, kuuweka mfumo upya kutoka mahali panapothibitika, kabla sauti ya mzee wa kwanza haijaingia, ni sehemu ya ahadi aliyoitoa. Na inampasa pia kufunga diski kwa neno la siri na kusasisha programu, kwa maana osho moja halidumu milele.

Lakini pana jambo moja ambalo wenye ujuzi hulisahau. Kila mjuzi akiiosha mashine yake kimya kimya, atakuwa salama yeye. Na wale wasiojua, ambao ni wengi zaidi, watabaki na mashine walizopewa. Ujuzi wa namna hiyo ni mwavuli wa mtu mmoja katika mvua ya mji mzima. Superfish haikukomeshwa na waliofuta diski zao. Ilikomeshwa na waliochunguza, wakasema hadharani, wakapigiwa kelele na wateja. Na katika Septemba 2017 Tume ya Biashara ya serikali kuu ya Marekani, pamoja na majimbo 32, ilifikia mapatano na kampuni hiyo, yenye malipo ya dola milioni 3.5 kwa majimbo, na sharti la kuomba ridhaa ya wazi ya mnunuzi kabla ya kumwekea programu za namna hiyo. Neno lililoponya lilikuwa ridhaa. Kosa halikuwa kwamba kitu kiliwekwa ndani ya mashine. Kosa lilikuwa kwamba kiliwekwa mwenyewe asiulizwe.

Kwa hiyo wajibu wa anayejua una sehemu mbili. Ya kwanza ni kuilinda amana aliyoishika, kwa kadiri ya uwezo wake na pasipo wasiwasi. Ya pili ni kuuliza kwa sauti: kumwuliza muuzaji kilichomo kabla ya kulipa, kumwonyesha jirani namna ya kuthibitisha faili, na kukitaka chuo kinachonunua mashine mia kwa mara moja kiandike katika mkataba kwamba ziletwe bila programu zisizoombwa. Mnunuzi mmoja hana sauti dukani. Mnunuzi wa mia anayo. Aliyetimiza sehemu ya kwanza na kuiacha ya pili ameuosha mkono wake tu, na wenziwe bado wanakula kwa mikono waliyopewa.

Yule mama afuaye nguo mpya ya mtoto hadai kuwa mwenye duka ni mwovu, wala hadhani kuwa sabuni itaondoa kila uchafu wa ulimwengu. Anajua kwamba mtoto hawezi kujikagulia nguo. Akishaifua huianika, akamvika, akaendelea na kazi zake. Na jirani akija kuuliza kwa nini amefua nguo isiyovaliwa, humweleza.